Kitambaa Juu ya Kioo

Koki haikuwa inavuja, lakini Spana aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Msusi alimtazama kupitia kioo huku akizoa nywele zilizotapakaa sakafuni. Alimjua mpenzi wake huyu fundi bomba. Akianza kuhangaika na bomba lisilo na ubovu, ujue kuna kitu kimemkaa kooni.

"Sema," alimwambia. "Usiniharibie koki bure."

"Mama anakuja kukuona."

Ufagio ulisimama. "Lini?"

"Leo."

"Leo! Unaniambia sasa hivi, nikiwa na nywele za watu mpaka magotini?"

"Kuna na lingine." Spana alijifuta mikono kwenye ovaroli, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu. "Nilimwambia wewe ni fundi cherehani."

Msusi aliuegemeza ufagio ukutani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu cha kioo.

Hapo pana haja ya kueleza. Mama yake Spana aliitwa Mama Aya, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na hakuna jambo ambalo hakulipatia aya. Mvua ikinyesha, aya. Sufuria ikiungua, aya. Na aya aliyoipenda kupita zote ni ile ya mtume Petro kwa wanawake: kwamba kujipamba kwao kusiwe kwa nje, kusuka nywele, kuvaa dhahabu na mavazi, bali pambo lao liwe ni utu wa ndani, roho ya upole na utulivu. Aya hiyo aliwafundisha wasichana mpaka wakawa wanaisema usingizini. Sasa mwanawe wa pekee alikuwa amempenda mwanamke ambaye kila asubuhi anafungua mlango wa saluni ili afanye kile kile kilichotajwa mwanzo kabisa.

"Fundi cherehani," Msusi alirudia. "Ungeisoma basi hiyo aya mpaka mwisho. Mavazi nayo yametajwa."

Spana alijikuna kisogo. "Basi ningesema sonara."

"Dhahabu imetajwa kabla ya mavazi."

"Huyu Petro naye! Kanifungia milango yote mitatu."

Kicheko kilimfika Msusi mdomoni, akakimeza. Hakutaka kucheka. Akicheka kesi imekwisha, na leo hakutaka iishe hivyo.

"Unanionea haya?"

"Nikuonee haya wewe? Mtu mwenye pua kama hii?" Aliigusa pua yake iliyobonyea kama imekaliwa. "Watu wananiuliza nimekupata wapi. Naogopa kukukosa, basi."

"Sikiliza nikwambie. Mama yako akinikataa kwa kuwa ni msusi, amenikataa mimi. Nitaumia, lakini nitajua aliyekataliwa ni nani. Akimkubali fundi cherehani, amemkubali mtu mwingine. Kamwoe huyo."

"Bila baraka yake siwezi. Kanilea peke yake, unajua."

"Najua. Ndiyo maana naitaka hiyo baraka. Ila siitaki ya wizi. Nenda, akija nitasema naye mwenyewe."

Spana alisimama mlangoni na sanduku lake la vifaa, akamtazama. Alikuwa na namna yake ya kutazama, bila haraka, kama mtu anayesikiliza kwa macho. Wanaume wengine walipomtazama Msusi alijua wanatazama wapi. Alikuwa mwanamke wa kugeukiwa barabarani, na alikuwa amegeukiwa tangu akiwa msichana mpaka akachoka. Lakini Spana hajawahi kumwambia hata siku moja kwamba yeye ni mzuri, na kuna usiku alilala akijiuliza kwa nini. Je, haoni? Au anaona hilo tu, na anaona aibu kusema?

"Nenda," alimwambia tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Hakuwahi hata kuushika tena ufagio. Mama mmoja mnene, kilemba kimefungwa mpaka kwenye nyusi, aliingia akihema, mfuko umebanwa kwapani. Msusi hakuhitaji kuambiwa. Pua ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi zenu hizi mmejengea mbuzi?" Mama Aya alijibwaga kwenye kiti cha kuzunguka, kile kilicho mbele ya kioo. "Magoti yangu yamegoma tangu mwaka wa juzi. Namtafuta fundi cherehani."

Akatoa mfukoni kitambaa cha rangi ya zambarau, kizito, kizuri, kimekunjwa vizuri. "Nimeleta kitambaa. Nataka gauni la kanisani. Mikono mirefu."

Msusi alikitazama kitambaa, akamtazama mama. Kwenye rafu pale nyuma kulikuwa na vitana, chupa za mafuta, na nywele za bandia zinaning'inia kama mikia ya farasi. Cherehani haikuwepo wala kivuli chake. Ingekuwa rahisi kusema fundi katoka.

"Mama, mimi sijui kushona hata kifungo," alisema. "Ni msusi. Mwanao alikudanganya kwa sababu anatupenda wote wawili, lakini alikudanganya. Niwie radhi."

Mama Aya alikikunja kitambaa tena, mkunjo juu ya mkunjo.

"Nilijua," alisema. "Kuna wanawake pale kanisani wananijia na taarifa kabla hata jambo halijatokea. Nilitaka kusikia wewe utasemaje."

"Na sasa umesikia."

"Nimesikia kwamba huongopi. Sijasikia kwamba unamfaa mwanangu. Hayo ni mambo mawili."

Msusi alivuta kigoda, akakaa chini kidogo ya mama, kama adabu inavyotaka. Ndipo alipoona jambo. Mama Aya alikuwa amekizungusha kiti taratibu kwa ncha ya kiatu, mpaka kioo kikawa nyuma yake. Alifanya hivyo huku akizungumza, kama mtu anayefukuza nzi. Katika kazi yake Msusi alikwisha kuwaona wanawake wanaofanya hivyo.

"Unaijua aya ya Petro?"

"Naijua, mama."

"Na bado unasuka?"

"Bado nasuka."

"Absalomu, mwana wa mfalme, alikuwa na nywele za kupimwa kwenye mizani. Unajua zilimfikisha wapi? Kichwa kilinasa mtini, akabaki ananing'inia."

"Na Samsoni, mama? Yeye aliharibikiwa siku aliponyolewa. Tena alikuwa na vishungi saba. Kuna mtu alikaa akamsuka."

Kona ya mdomo wa Mama Aya ilicheza. "Hakusukwa na mkwe wangu."

"Hapana, mama."

"Unajibu wewe."

"Nakujibu kwa heshima."

"Hilo nimeliona." Mama alihema. "Sikiliza, binti. Mimi sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi, ningetuma ujumbe nikabaki nyumbani na magoti yangu. Wewe ni mzuri. Nimeingia nikakuona, nikasema moyoni, ndiyo, mtego wenyewe huu. Mwanaume anayeshikwa na sura anashika kitu cha kuazima. Sura ikirudishwa kwa mwenyewe, anabaki na nini? Anaanza kutazama dirishani."

Maneno hayo yalimchoma Msusi mahali pake hasa, maana lilikuwa ni swali lake mwenyewe la usiku.

"Sijui, mama," alisema kwa ukweli. "Sijui alipenda nini kwangu. Sijawahi kumuuliza."

"Basi tumuulize." Mama Aya aligeuza shingo kuelekea mlangoni, akapaza sauti. "Na wewe uliyejibanza nyuma ya matangi ya jirani! Sanduku lako linang'aa mpaka huku. Ingia!"

Spana aliingia, kichwa amekiinamisha, mwanaume mzima mwenye mabega ya kubebea saruji, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Usinishikamoo. Fundi cherehani yuko wapi?"

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye, sasa hivi nina kazi. Jibu swali. Ulipenda nini kwa huyu binti? Na usiniambie tabia. Kila mwanaume akibanwa husema tabia."

Spana alimtazama Msusi, akamtazama mama yake, akatazama sinki, kana kwamba jibu limo humo. Na kumbe lilikuwemo.

"Nilimpenda nikiwa chini ya sinki," alisema.

"Chini ya nini?"

"Hilo hapo." Aliliashiria. "Bomba lake lilikuwa limeziba, nikaitwa. Nilifika mapema, mlango kafungua mwenye nyumba. Nikaingiza kichwa kule chini, mabega yakanasa, nikawa siwezi kutoka mpaka nimalize. Yeye akaja, hakujua kama kuna mtu, kisha akaona miguu yangu akasema, karibu fundi, pole na kazi. Basi. Asubuhi nzima nilikuwa nikimsikia tu. Nilichokiona ni miguu, na kandambili moja imeshonwa kwa waya."

Msusi aliweka kiganja mdomoni. Hili hakuwahi kulisikia.

"Akaingia mama mmoja," Spana aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Nilimsikia analia kabla hajasema. Alikuwa ametoka hospitali, nywele zimekwisha zote. Akasema, nimekuja kwa sababu kesho mwanangu anahitimu shule na sitaki kumtia aibu, lakini siwezi kukaa mbele ya kioo hicho. Na huyu hapa hakusema usijali, hakusema utapona, hakusema neno la bure. Nilisikia kandambili zinakwenda, zinarudi. Akamwambia, keti mama, kioo nimekifunika, na fundi kichwa kiko chini ya sinki, haoni kitu. Akamwosha kichwa kisicho na nywele kwa maji ya beseni, kama anamwosha mtoto mchanga. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Hata hajui kuimba."

"Mimi sijui kuimba?" Msusi alisema, na machozi yakawa yameshafika.

"Hujui kabisa. Lakini yule mama alinyamaza kulia." Spana alilitazama tena sinki. "Mimi nikabaki kule chini. Bomba lilizibuka zamani, nilikuwa najifanya nafunga nati. Nikasema, huyu mtu, hata akiwa na uso kama wangu, nitakuja kumwomba. Halafu nikatoka, nikamwona. Nikaogopa kweli kweli. Nilijua hakuna atakayeniamini."

Ndiyo maana hakuwahi kusema, Msusi aliwaza. Alimtazama, naye akamtazama, na kwa muda huo saluni ilikuwa kubwa kama uwanja na ndogo kama kiganja. Wangekuwa peke yao angemshika ile pua mbaya akaibusu. Lakini palikuwa na mama mtu katikati.

Mama Aya alikuwa anatazama mikono yake.

"Ulifunika kioo?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, mama. Huwa nakifunika. Wanakuja wengi wa namna hiyo."

"Unakifunika na nini?"

"Shuka moja hivi. Leo nimelifua, liko kwenye kamba."

Mama alikibonyeza kile kitambaa mapajani. Kisha akamwambia mwanawe, bila kumtazama, "Toka nje. Funga mlango. Na usijibanze, sanduku lako linang'aa."

Spana akatoka. Mlango ulipofungwa, Mama Aya alikichukua kile kitambaa cha zambarau, akamnyooshea Msusi.

"Tumia hiki."

Msusi alikipokea kwa mikono miwili. Alipanda kwenye kigoda, akakining'iniza juu ya kioo, akabana pembe zake kwa vibanio vya nywele. Aliposhuka na kugeuka, mama alikuwa amefungua kilemba na kukiweka mapajani.

Zilibaki kidogo. Juu ya masikio na kisogoni, nyeupe, za kuhesabika. Utosi ulikuwa wazi, unang'aa.

Msusi hakushtuka, wala hakujifanya hakuona. Alifungulia maji, akayajaribu kwa kiwiko mpaka yalipokuwa ya uvuguvugu, akaweka taulo shingoni mwa mama, akamlaza taratibu, kichwa kwenye sinki.

"Hata mwanangu hajawahi kuniona hivi tangu akiwa mdogo," mama alisema, macho ameyafumba. "Zilikuwa zinanifika kiunoni, binti. Wanawake walikuwa wanakuja kuzishika. Baba yake alinioa kwa ajili ya nywele, alisema mwenyewe, na mimi nikachekelea kama mjinga. Nikazaa, nikaugua homa iliyonilaza karibu nife, nilipoamka ziko kwenye mto. Zote. Akaanza kutazama dirishani. Siku moja dirisha halikumtosha, akatoka kwa mlango."

Maji yalitiririka. Vidole vya Msusi vilikwenda taratibu, kutoka paji la uso kwenda nyuma.

"Nilikwenda kanisani nimejifunga kilemba, sijui pa kukaa. Ndipo ikasomwa hiyo aya. Kwamba kuna pambo lisiloharibika. Nililia mpaka nikatolewa nje. Kuna mtu alikuwa ameandika kwamba mimi bado ni kitu mbele za Mungu, bila nywele." Alifumbua macho, akatazama dari. "Na Isaya naye kasema Bwana mwenyewe hakuwa na uzuri wa kumfanya mtu amtamani. Nikasema, basi tuko pamoja."

"Mko pamoja, mama."

"Lakini nadhani aya ile niliigeuza fimbo. Ilinipoza mimi, nikaenda kuwachapia wengine." Alijifuta maji usoni. "Mungu huyo huyo hakuona haya kuandikisha kwamba Raheli alikuwa mzuri wa uso. Angeweza kuliruka hilo. Hakuliruka. Petro naye hakusema tuzichukie nywele. Alisema tusiishie kwenye nywele. Nimefundisha miaka yote hiyo na sijawahi kulisema hivyo."

Msusi alimkausha kwa taulo, akaweka mafuta kidogo kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua mikono, akampaka. Akachukua kitana chenye meno laini.

"Usinisuke," mama alionya.

"Hazisukiki, mama. Nazichana tu."

"Zikoje?"

Hapo Msusi alisita. Alijua wanawake wanapenda kuambiwa nini. Alijua pia huyu alipanda ngazi na magoti mabovu akibeba kitambaa ili amjaribu kama anaongopa.

"Ni chache," alisema. "Utosini hakuna kabisa na hazitaota tena. Zilizobaki ni nyeupe kama pamba na ni laini. Zimekaa vizuri nyuma ya masikio."

Mama Aya alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Ungesema ni nyingi ningeondoka," alisema.

Alinyoosha mkono nyuma, akaushika mkono wa Msusi uliokuwa na kitana, akaukandamiza begani pake, akauacha hapo. Nje, Spana alikuwa anatembea kwenda na kurudi, viatu vyake vizito vinasikika, vinasimama, vinaanza tena.

"Atatoboa sakafu huyo," mama alisema. "Mwite."

"Nikuletee kilemba kwanza?"

Mama alikishika kile kilemba mapajani, akakipapasa, akafikiri.

"Mwite tu."

Spana aliingia, akaona. Alisimama katikati ya chumba, mikono imelegea. Alitaka kusema mambo mengi, likatoka moja.

"Mama. Umependeza."

"Usinidanganye wewe, kwa wiki hii umeshamaliza uongo wako."

"Sidanganyi." Na hilo halikuwa uongo. Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye ile pua bila yeye kuyafuta.

Msusi alinyoosha mkono kutaka kutoa kitambaa kwenye kioo, akikunje, amrudishie mwenyewe.

"Kiache," Mama Aya alisema. "Shuka lako hilo la kwenye kamba limechakaa, nimeliona wakati napanda. Wanaokuja hapa wakilia wafunikiwe kioo kwa kitu kizuri."

"Lakini gauni lako, mama?"

"Petro kataja na mavazi." Alijifunga kilemba, safari hii kwa kulegeza, kikaacha nywele nyeupe zikionekana nyuma ya masikio. Kisha akashika pande mbili za kiti, akajaribu kuinuka. Magoti yakakataa. Spana aliruka kumsaidia, lakini mama akamzuia kwa kiganja.

"Siyo wewe." Alimgeukia Msusi, na katika uso ule mgumu paliingia upole ambao huenda ulikuwemo siku zote, umefungwa na kilemba. "Unajua, binti, Petro huyo huyo alikuwa na mama mkwe. Tunasahau. Alikuwa amelala na homa ndani ya nyumba, mpaka aliposhikwa mkono na Bwana, akainuka."

Akamnyooshea Msusi mkono wake wa kulia.

"Haya. Nishike mkono, niinuke."